Mzee Akivunjika Nyonga



Liko neno moja ambalo huku kwetu Kisangani husemwa upesi mno kila mzee anapoanguka na kushindwa kuinuka. Watu humzunguka, humtazama mguu, kisha mmoja hunong'ona: "Hiyo ni nyonga. Mzee akivunjika nyonga amekwisha." Na hao wasemao hivyo si watu wakatili. Wengi wao wawapenda wazazi wao kweli. Ila wamewaona wazee wawili watatu walioanguka, wakalazwa katika pembe ya nyumba, wakakaa majuma sita au nane bila kuinuliwa, kisha wakazikwa. Nao wakaamini ya kuwa nyonga ndiyo iliyowaua. Mimi nasema kwamba wengi wa wazee hao hawakuuawa na mfupa. Waliuawa na kule kulala.

Tuanze na mfupa wenyewe. Mfupa wa paja ndio mrefu na wenye nguvu kuliko mifupa yote ya mwili. Huko juu hupinda kuelekea ndani, ukawa na shingo fupi, na juu ya shingo kichwa cha mviringo kama mpira mdogo, nacho huingia katika kikombe cha nyonga na kuzunguka humo. Uzito wa mtu asimamapo hupita katika shingo hiyo. Kijana, ili aivunje, yampasa aanguke kutoka juu ya mchikichi au agongwe na gari. Mzee hahitaji hayo. Kadiri miaka inavyoongezeka mfupa hupungua ndani yake, ukawa kama ubao ulioliwa na mchwa: kwa nje waonekana mzima, kwa ndani umejaa matundu. Akina mama hupatwa zaidi, kwa kuwa baada ya kukoma hedhi mifupa yao hupoteza nguvu kwa haraka. Basi kuteleza topeni, kujikwaa kizingitini, kukosa kiti gizani, hayo kwake yatosha.

Nazo dalili zake si za kubahatisha. Mzee ameanguka, hawezi kusimama, aumwa kinenani au ubavuni mwa paja. Mlazeni chali mtazame nyayo zake: mguu uliovunjika mara nyingi waonekana mfupi kuliko mwenzake, na kidole gumba kimegeukia nje. Mwambieni auinue mguu ukiwa umenyoka, hawezi. Mkiona hayo, msimsimamishe kumjaribu, wala msimpakie kwenye pikipiki katikati ya watu wawili kama nilivyoona kwa macho yangu katika barabara ya Mangobo, mzee amebanwa kama gunia la makaa, analia kila tairi inapoingia shimoni.

Nyanya yangu, ambaye sote nyumbani tulimwita Koko, alianguka mwezi wa Oktoba 2018, wakati wa mvua kubwa, akitoka chooni alfajiri. Alikaa Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, si mbali na stesheni ya reli iendayo Ubundu. Cheti chake cha ubatizo chaonyesha kwamba alizaliwa mwaka 1940. Alikuwa bado analima kishamba chake cha mihogo, na bado aliwafokea wajukuu waliochelewa Misa. Mimi nilikuwa nafundisha mbali na mji. Habari ilinifikia siku ya nne, na nilipofika siku ya tano nilimkuta amelala mkekani, na mguu wake umefungwa kwa vijiti na majani, umevimba kwa kukandwa maji ya moto.

Aliyemfunga alikuwa mzee mwenye sifa ya kuunga mifupa, wala siandiki hapa ili kumdharau. Mtoto akivunjika mkono katikati, waunga mifupa wengi hujua kuunyosha na kuufunga, nao hupona. Lakini shingo ya mfupa wa paja ni jambo jingine. Kwanza, vijiti haviwezi kuishika: vitaishikaje, nayo imefunikwa na nyama nene, na nyonga yazunguka juu yake? Pili, mishipa ipelekayo damu katika kile kichwa cha mfupa hupita kwa shingo hiyo hiyo, na mara nyingi hukatika pamoja nayo, hata mfupa ukakosa chakula cha kujiunganisha. Tatu, kukanda na kuvuta kwaongeza kuvuja damu na maumivu. Hapo ujuzi wa mzee yule ulifika mpaka wake, na kwa kweli yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kukiri. Alituambia, "Mkono naujua. Hapa chini sipaoni."

Usiku ule palikuwa na baraza ya ukoo. Mjomba wangu, mwana mkubwa wa Koko, hakutaka hospitali. Alisema, "Mama amezeeka. Mwataka kumtesa kwa visu? Fedha hiyo itatununulia nini? Jeneza?" Mama yangu alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kama ipasavyo mbele ya mkubwa wake, kisha akajibu: "Yaya, Mungu akimwita nitakubali. Lakini nataka amwite akiwa ameketi, hajaoza mgongo." Hakuna aliyeongeza neno. Nadhani neno hilo la kuoza mgongo ndilo lililomaliza baraza, maana wote walimkumbuka jirani mmoja, mzee aliyekuwa fundi wa mitumbwi, ambaye mwaka uliotangulia alilala miezi miwili kwa nyonga bila kugeuzwa, hata watu wakawa hawaingii chumbani mwake kwa harufu.

Asubuhi mwuguzi wa zahanati ya karibu alitufundisha namna ya kumchukua. Tulitia mto katikati ya mapaja yake, tukaifunga miguu miwili pamoja kwa vitenge, ule mzima ukiwa gongo la ule mbovu, tukamlaza juu ya ubao wa mlango tuliong'oa. Vijana wanne wa parokia wakambeba kama kipoyi cha zamani mpaka bandarini. Mto ulikuwa umejaa, na mtumbwi wa mota ukavuka kwa kuinama inama. Koko alifumba macho akisali rozari yake. Tulipofika katikati akafumbua akamwambia mwenye mota apunguze, maana amewahi kuona mitumbwi ikipinduka kwa haraka ya vijana. Hapo nilijua kwamba bado yu pamoja nasi.

Nataja mto kwa makusudi. Sisi wa mjini twavuka kwa nusu saa. Anayetoka Opala, Basoko au Bafwasende, safari yake yaweza kuwa ya siku nyingi, kwa mtumbwi au kwa njia zilizoliwa na mvua. Vyuma na parafujo za kufungia mfupa navyo hutoka mbali. Kutoka Kinshasa mpaka kwetu kwa mto ni kilomita zaidi ya 1,700, na ndege ni za bei kubwa. Kwa hiyo mtu asishangae kwamba kwetu mzee hungoja siku au majuma ili apasuliwe, hali Uingereza waganga wamejiwekea sheria kwamba mgonjwa wa namna hii apasuliwe kabla ya saa 36 kupita. Asishangae, nasema, lakini pia asizoee.

Hospitalini walimpiga picha ya eksirei, na daktari akatuonyesha palipokatika. Alisema maneno machache ambayo niliyaandika katika daftari langu jioni ile. Ziko njia mbili, alisema. Ya kwanza ni kuufunga mfupa kwa chuma, au kuondoa kichwa kilichokufa na kutia cha chuma mahali pake, kisha mgonjwa huinuliwa upesi. Ya pili ni kuuvuta mguu kwa mzigo uliofungwa kwa kamba inayopita juu ya gurudumu dogo miguuni pa kitanda, na mgonjwa hulala hivyo majuma mengi, pengine miezi mitatu. Njia ya pili ni rahisi kwa mfuko na ya hatari kwa mzee. "Mfupa waweza kungoja," alisema, "lakini mapafu hayangoji."

Maneno hayo nimeyathibitisha baadaye kwa kusoma na kwa kuwauliza masista wauguzi. Mzee akilala chali siku nyingi, pumzi haishuki vizuri, makohozi hukaa chini ya mapafu, na kichomi kikamwingia. Damu isiyotembezwa huganda miguuni, na kipande kikiruka hadi mapafuni huua kwa dakika chache. Mkojo hukaa, ukaleta homa. Ngozi ya matakoni na ya visigino, ikibanwa kati ya mfupa na godoro, hukosa damu, ikafa, ikafunguka kidonda. Hivi vinne ndivyo vinavyomaliza watu. Hata katika nchi tajiri, zenye kila kitu, kwa kila wazee 100 wavunjikao nyonga, kiasi cha 25 au 30 hufa kabla ya mwaka kwisha. Sisemi basi kwamba upasuaji ni muujiza. Nasema tu kwamba kulala si salama hata kidogo, ingawa kwaonekana kama kupumzika.

Ujuzi huu wala si wa kale sana. Mpaka miaka mia moja iliyopita hata wazungu waliwalaza wazee wao wakangoja. Mwaka 1925 mpasuaji mmoja wa Boston, Marekani, jina lake Marius Smith-Petersen, alianza kuifunga shingo ya mfupa kwa msumari wenye mbavu tatu. Mwaka 1962 John Charnley wa Uingereza akaimarisha kiungo kizima cha bandia. Na katika miaka ya 1960, katika mji wa Hastings, pwani ya nchi hiyo hiyo, mpasuaji Michael Devas alikubali jambo ambalo wapasuaji wengi lingewashinda kwa majivuno: alimweka daktari wa wazee karibu naye wodini, wawatunze wagonjwa pamoja, kwa kuwa mzee aliyevunjika ana mfupa mmoja mbovu na pengine moyo, macho, sukari na upweke navyo ni vibovu. Hilo la mwisho halihitaji mashine.

Wengi mwakumbuka, au mmehadithiwa na wazazi, jinsi Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alivyofika Kisangani mwezi wa Mei 1980, mtu mwenye mabega mapana na hatua ndefu. Basi mtu huyo huyo, usiku wa tarehe 28 Aprili 1994, aliteleza bafuni mwake Vatikano akavunja mfupa wa paja karibu na nyonga. Alikuwa hajatimiza miaka 74. Kesho yake akapasuliwa katika hospitali ya Gemelli, mjini Roma, akatiwa kiungo cha bandia. Mwendo wake wa zamani haukurudi; fimbo ikawa rafiki yake. Lakini mwezi wa Septemba 1995 alikuja na fimbo yake hiyo Yaoundé na Nairobi kutuletea sisi Waafrika barua ya Sinodi, na aliishi mpaka tarehe 2 Aprili 2005, karibu miaka 11. Nilimtajia mjomba mfano huu, naye akanijibu kwamba Baba Mtakatifu hakuwa na deni la karo. Jibu hilo lina ukweli wake, na nitalirudia.

Koko alingoja. Uzito wa mchanga ulining'inia mguuni pake wakati sisi tukitafuta fedha. Mama aliuza vitenge vyake vitatu, mimi nikaomba mshahara wa mwezi unaokuja, mjomba (yeye aliyekataa) akauza mbuzi. Wajukuu wawili walitoa damu. Wasomaji vijana, nisikieni: katika baraza zote za ukoo hakuna mchango ulio mwepesi na wa thamani kama huo, wala damu haiishi mwilini kwa kutolewa mara moja.

Sasa nifike katika lile ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Katika hospitali zetu wauguzi ni wachache, na mgonjwa hulishwa, huoshwa na kulindwa na jamaa zake. Yule jamaa anayelala sakafuni chini ya kitanda, mwenye sufuria na beseni lake, watu humdhania ni mlinzi wa vitu tu. Kumbe uhai wa mzee aliyevunjika nyonga uko mikononi mwake kwa sehemu kubwa. Dada yangu mdogo, aliyekuwa na miaka 19, ndiye aliyelala chini ya kitanda cha Koko. Sista alimfundisha mambo siku ya kwanza, naye akayashika kama katekisimu. Kila saa mbili amsogeze Koko kidogo, aegemee upande mmoja kwa mto, kisha mwingine. Shuka isiwe na mikunjo wala makombo. Visigino visiguse godoro. Atie kitambaa kilichokunjwa chini ya ndama za miguu. Akilowa akaushwe mara moja. Mara nyingi kwa siku amketishe kadiri kamba inavyoruhusu, na amwambie avute pumzi ndefu kumi na akohoe. Anywe maji hata bila kiu, maana wazee hujinyima maji wakiogopa kuomba beseni. Na ale: mayai, maharagwe, samaki, si chai na mkate peke yake. Dada alikuwa akivuka sokoni kila siku kutafuta samaki mbichi wa Wagenia, akampondea lituma laini ya ndizi. Kwa majuma yote yale Koko hakupata kidonda hata kimoja, na sista aliwaita wauguzi wanafunzi waje kuutazama mgongo ule.

Usiku wa pili baada ya kuingia hospitali ndipo lilipotokea jambo lililotaka kutuvunja. Koko alianza kuweweseka. Alimwita mumewe aliyekufa mwaka 1987, akabishana naye juu ya nyavu. Alimwambia dada yangu kwamba yeye si mjukuu wake. Alitaka kuing'oa kamba. Shangazi mmoja aliyekuja kumjulia hali akaondoka upesi, na kesho yake maneno yalikuwa yameshavuka mto kabla ya mtumbwi wa kwanza: kwamba Koko anazungumza na wafu, kwamba kuanguka kwake hakukuwa kwa bure, kwamba mwenye kuongea hivyo ana siri na usiku. Wasomaji wajua neno lipi hufuata. Wazee wangapi katika majimbo yetu ya mashariki wamefukuzwa, wamepigwa au wameuawa kwa neno hilo moja, nao kosa lao ni homa?

Daktari hakucheka wala hakuogopa. Alituambia ya kuwa mzee aliyevunjika mfupa huchanganyikiwa mara nyingi sana, hata kule Ulaya. Hutokana na maumivu, na kukosa maji, na homa ya mkojo, na dawa nzito, na kuamka mahali pageni bila kuona vizuri. Huja ghafla, huzidi usiku, na mara nyingi hupita kwa siku chache. Akaamuru apewe dawa ya kutuliza maumivu kwa saa zake, anyweshwe, apimwe mkojo. Akatuagiza tumletee miwani yake, tumwekee taa ndogo, tumwambie kila asubuhi siku na mahali, na asizungukwe na watu kumi. Siku ya nne Koko aliamka akauliza nani amekula samaki wake. Yale maneno ya usiku hakuyakumbuka hata moja.

Siku hizo nilisoma tena sura ya 3 ya kitabu cha Yoshua bin Sira, ambamo mwana aagizwa amstahi baba yake mzee hata akili zikimpungukia. Nilikuwa nimeifundisha sura hiyo darasani mara nyingi kama fundisho la adabu. Sikujua kwamba mwandishi yule wa kale alikuwa amekaa usiku kando ya kitanda cha mtu.

Na tuongeze neno juu ya Padri. Tulipotaka kumwita, mjomba aliinuka tena: "Mkimleta Padri na mafuta, Mama atajua kwamba mmemkata tamaa." Hofu hiyo ni ya siku zile tulipoiita sakramenti hiyo Mpako wa Mwisho. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturjia ya mwaka 1963, ulifundisha kwamba yafaa zaidi kuiita Mpako wa Wagonjwa, wala si ya wale tu walio katika saa ya kufa. Na taratibu mpya iliyotolewa mwaka 1972 yataja waziwazi wazee waliodhoofika, na wagonjwa wanaokwenda kupasuliwa kwa ugonjwa wa hatari. Mtu huletwa kwa mafuta kama anavyoletwa kwa daktari: mapema. Koko alipakwa siku ya kumi na mbili, akiwa na akili zake zote, akaitikia kila sala kwa sauti kuliko sisi. Kesho yake wakamwingiza katika chumba cha upasuaji. Umeme wa Tshopo ulikatika saa ile ile, jenereta ikanguruma, na sisi tulioketi chini ya mwembe tuliomba kwa ajili ya petroli.

Alitoka salama. Siku ya pili wakamketisha kitini. Alilia, akatukana kwa Kimbole maneno ambayo sikujua kwamba anayajua. Siku ya nne alisimama akishikilia fremu ya mbao aliyotengeneza seremala wa mtaani kwa kipimo cha sista. Hapa jamaa wengi hukosea kwa huruma: mzee akilia, humrudisha kitandani. Kama hamkusikia neno jingine, lisikieni hili. Maumivu ya kusimama hupungua kila siku, na madhara ya kulala huongezeka kila siku.

Nalo deni la mjomba? Daktari alipomruhusu Koko kwenda nyumbani, ofisi ya hesabu haikumruhusu. Alizuiliwa siku tisa, amepona, kitandani mwa mgonjwa mwingine aliyengoja barazani. Hospitali hiyo sitaitaja, kwa sababu desturi hiyo si yake peke yake; imeenea katika nchi yetu, na inawaumiza hata wauguzi ambao hawakulipwa. Lakini ni desturi mbaya. Yaharibu kazi iliyofanywa vema, na yawafundisha maskini kuficha wazee wao nyumbani. Aliyemtoa Koko ni shirika letu, yaani zile familia za mtaa zisalizo pamoja kila juma: walipita nyumba kwa nyumba, wakakusanya noti zilizochakaa, wakajaza. Tangu hapo shirika limeweka kisanduku chake, kila nyumba kidogo kila mwezi, kwa ajili ya aliyelazwa. Kimeshatumika mara tano. Mara mbili kilikuwa kitupu kikajazwa upya.

Koko aliishi miaka mitatu na zaidi. Hakurudi shambani, jambo lililomkasirisha, ila Pasaka ya 2019 alitembea kwa fimbo kutoka mlangoni mwa kanisa hadi benchi ya tatu. Nyumbani tulisawazisha kizingiti, tukafukia shimo la njia ya chooni kwa kokoto, tukampa kopo la usiku ili asitoke gizani, tukachoma zile kandambili zilizochakaa. Na ukutani mwa choo tukapigilia mti imara wa kushikilia. Alifariki mwaka 2022 kwa ugonjwa mwingine, kitandani mwake, mgongo wake mzima.

Mjomba naye sasa amepita miaka 60. Mwaka jana nilipomtembelea Lubunga niliona ametia mti kama ule katika choo chake mwenyewe, umelainishwa vizuri kwa randa. Nilipoutazama sana akasema ni kwa ajili ya wageni.